Pakiti zinapotelea wapi? Mwongozo kamili wa kuchunguza seva ya Linux inayotupa pakiti

"Mtandao unasumbua." Muuzaji wa duka Kariakoo husema hivyo risiti ikichelewa kutoka, mhasibu aliyeko Posta husema hivyo ripoti ikigoma kufunguka, na fundi huipokea kauli hiyo kama ilivyo, akampigia simu mtoa huduma wa intaneti. Wakati mwingine kosa liko huko kweli. Lakini mara nyingi pakiti, yaani vipande vya data vinavyotumwa mtandaoni, zimevuka mji mzima salama, zimeingia kwenye kadi ya mtandao ya seva, kisha zimetupwa ndani ya seva yenyewe kabla ya kuifikia programu iliyokuwa ikizisubiri. Mtoa huduma hawezi kuliona hilo. Wewe mwenye seva unaweza, kwa sababu Linux huhesabu karibu kila pakiti inayoitupa, na huihesabu palepale ilipoitupia.

Pakiti inayoingia hupita vituo hivi: waya au radio, kadi ya mtandao, bafa ya kadi (hifadhi yake ya muda), prosesa inayochota, ukuta wa moto (firewall), foleni ya soketi (mlango wa programu kwenye mtandao), halafu programu. Kila kituo kina kihesabio chake. Kazi yako ni kujua kihesabio kipi kinapanda wakati watu wanalalamika, kisha kushughulikia kituo hicho tu. Ile tabia ya kunakili mistari ya sysctl (mipangilio ya kerneli, yaani kiini cha Linux) kutoka mtandaoni na kuibandika yote kwa mpigo naipinga kabisa. Ikisaidia hutajua ni mstari upi uliosaidia, na ikiharibu hutajua ni upi ulioharibu.

Amri zote hapa ni za Linux na zinaendeshwa na root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kadi nimeiita `eth0`. Yako inaweza kuitwa `ens3` au `eno1`, itazame kwa `ip link`. Kwenye FreeBSD vituo ni vilevile ila amri hubadilika: anza na `netstat -id` kwa kadi na `netstat -Lan` kwa foleni za soketi.

Hatua ya 1: Pata maelezo sahihi kabla ya kugusa terminali

Uliza nani anaathirika, yuko wapi, na ilikuwa saa ngapi. Kama tawi la Mbagala linalia na la Tegeta liko shwari, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa njiani. Kama wote wanalia kwa dakika zilezile, shuku seva.

Saa inahitaji uangalifu. Mtu akikwambia "ilikwama saa nne", anamaanisha 10:00, na kama seva yako imewekwa kwenye UTC, logi itaonyesha 07:00. Endesha `timedatectl` uone seva iko kwenye saa zipi, kisha andika pembeni hesabu ya kubadilisha. Nimeona watu wakipekua logi za saa isiyohusika kabisa kwa kukosa kufanya hivyo.

Uliza pia ucheleweshaji ni wa muda gani. TCP ikituma pakiti ya kwanza ya kufungua muunganisho, yaani SYN, na isipate jibu, Linux za kabla ya toleo la 6.5 hurudia baada ya sekunde 1, kisha sekunde 3 tangu mwanzo, halafu 7. Kwa hiyo ukurasa ambao kwa kawaida hufunguka mara moja, lakini mara kwa mara huchukua sekunde moja na kidogo, au tatu na kidogo, unakupa dalili nzuri sana kwamba pakiti za SYN zinatupwa. Seva iliyozidiwa na kazi kwa kawaida huchelewa kwa viwango vinavyopanda na kushuka. Haichagui namba hizo.

Hatua ya 2: Gawanya njia katikati

Hii ndiyo hatua itakayokuokolea muda mwingi kuliko zote, usiiruke. Lengo ni kujua jambo moja: pakiti zinapotea kabla ya kuingia kwenye seva, au baada?

Washa tcpdump, programu inayonasa na kuonyesha pakiti, kwenye seva huku mtumiaji mmoja akijaribu kuunganisha:

```
tcpdump -ni eth0 'host 203.0.113.25 and tcp port 443'
```

Weka IP ya mtumiaji mwenyewe badala ya hiyo. Sasa zingatia mahali tcpdump inaposimama. Kwa pakiti zinazoingia, tcpdump huziona baada ya kadi na draiva kuzipokea lakini kabla ya ukuta wa moto. Kwa zinazotoka, huziona baada ya ukuta wa moto. Kutokana na hapo:

Ukiona SYN inaingia na hakuna SYN-ACK (jibu la SYN) inayotoka, pakiti imefika na imetupwa ndani. Nenda moja kwa moja hatua ya 7 na ya 8. Ukiona SYN-ACK inatoka na mtumiaji anarudia SYN, jibu lako linapotelea njiani likirudi. Usipoona chochote, pakiti imepotea kwenye kadi yenyewe au kabla yake; endelea na hatua ya 3 hadi ya 6.

Ukizima tcpdump, mwishoni itaandika idadi ya pakiti "dropped by kernel". Hizo ni pakiti ambazo tcpdump yenyewe ilishindwa kuzinasa kwa sababu bafa yake ilijaa. Hazina uhusiano na tatizo lako. Ongeza `-B 16384` na uandike kwenye faili kwa `-w` badala ya kuchapisha kwenye skrini.

Kwa njia ya nje, tumia mtr, inayopima kila ruta iliyoko njiani, kutoka upande wa mtumiaji kwenda kwenye seva, kisha kutoka kwenye seva kwenda kwa mtumiaji, kwa sababu pakiti za kwenda na za kurudi si lazima zipite njia moja:

```
mtr -rwc 200 -T -P 443 198.51.100.10
```

Kosa la kawaida katika kusoma mtr ni kuona ruta ya katikati yenye upotevu wa asilimia 60 na kupiga kelele. Ruta nyingi hupunguza kwa makusudi majibu zinayoyatoa zenyewe, huku zikipitisha pakiti za wengine bila shida. Kama mstari huo una 60% na mistari yote inayoufuata ina 0%, hakuna upotevu hapo. Upotevu wa kweli huanza kwenye mstari fulani na kuendelea hadi mwisho.

Tazama na muda. Ndani ya Dar es Salaam, kutoka ofisi ya Mikocheni hadi seva iliyoko Kijitonyama, faiba inapaswa kukupa milisekunde chache. Ukiona mstari unaruka ghafla kupita 100 na seva iko hapahapa mjini, huenda mtoa huduma wa ofisi na wa seva hawabadilishani trafiki nyumbani na pakiti zako zinavuka bahari kwenda na kurudi. Kila zinapovuka, zinategemea kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja, huduma nyingi nchini ziliyumba. Siku ya namna hiyo hakuna mpangilio wa seva utakaosaidia.

Hatua ya 3: Piga picha ya vihesabio, mara mbili

Vihesabio vya Linux huanza kuhesabu tangu seva ilipowashwa. Kuona pakiti 48,000 zilizotupwa hakukwambii chochote. Pengine zote zilitupwa mwezi uliopita usiku mmoja. Unachotaka ni tofauti kati ya picha mbili zilizopigwa wakati tatizo linaendelea.

```
mkdir -p /root/pakiti
piga() {
  date
  ip -s -s link show dev eth0
  ethtool -S eth0
  cat /proc/net/softnet_stat
  nstat -asz
}
piga > /root/pakiti/a.txt
sleep 60
piga > /root/pakiti/b.txt
diff /root/pakiti/a.txt /root/pakiti/b.txt
```

Piga picha nyingine wakati wa utulivu, ili uwe na cha kulinganisha. Faili hizi zitunze.

Kwenye matokeo ya `ip -s -s link`, upande wa RX (pakiti zinazoingia), utakutana na safu tatu muhimu. `errors` ni pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika: shuku waya. `missed` ni zilizofika zikiwa nzima lakini kadi haikupata pa kuziweka: shuku bafa au prosesa. `dropped` ina utata, kwa sababu draiva mbalimbali huijaza kwa namna tofauti, na tangu Linux 2.6.37 inajumuisha pia pakiti ambazo seva haina kazi nazo: matangazo ya swichi kama LLDP, itifaki isiyowashwa kwenye seva, au VLAN ambayo seva haimo. Pakiti hizo kutupwa ni sawa kabisa.

Utajuaje? Acha tcpdump ikiendelea kwenye kadi hiyo bila kichujio chochote, huku ukitazama `dropped`. tcpdump hupokea kila kitu, hata kile ambacho hakina mwenyewe. Kama kihesabio kinasimama tcpdump ikiwa hai na kinaanza kupanda tena ukiizima, hizo ni pakiti zisizo na mwenyewe. Achana nazo, na hili lisikupotezee siku.

Hatua ya 4: Waya, poti na radio

Kama `errors` inapanda, hasa `crc` (pakiti zilizoshindwa ukaguzi wa uzima), acha programu, shika kebo.

Dar es Salaam ina joto, unyevu na hewa ya chumvi. Kwenye ofisi zilizo karibu na bahari, vichwa vya RJ45 hupata kutu ya kijani kwenye shaba, na kebo iliyofungwa vizuri miaka michache iliyopita huanza kuharibu pakiti moja moja bila kukatika kabisa. Badilisha kebo kwanza. Ni ya bei ndogo kuliko saa zako. Kisha hamisha poti ya swichi. Kama ni faiba, `ethtool -m eth0` itakuonyesha nguvu ya mwanga inayopokelewa, iwapo moduli inaruhusu.

Angalia mwafaka wa kasi:

```
ethtool eth0 | egrep 'Speed|Duplex|Auto|Link'
dmesg -T | grep -i 'link is'
```

`Duplex: Half` kwenye seva ya leo ni kosa karibu kila mara. Hutokea pale upande mmoja ulipolazimishwa 100 Full na mwingine umeachwa ujichagulie wenyewe. Unaojichagulia haupati jibu kutoka upande wa pili, unaangukia Half, na kuanzia hapo migongano na CRC hufuatana kadiri mzigo unavyoongezeka. Acha pande zote mbili zijichagulie. Na kama `dmesg` inaonyesha kiungo kikishuka na kupanda kila umeme unapoyumba, swichi yako haiko kwenye UPS. Seva peke yake kuwa kwenye UPS hakutoshi.

Angalia vihesabio vya swichi pia. Pakiti zinazoharibika zikitoka kwenye seva huhesabiwa upande wa swichi, seva haizioni.

Kama tawi limeunganishwa kwa radio, linganisha vihesabio vya siku kavu na vya mvua za masika. Viungo vya masafa ya juu, mathalani 23 GHz au 80 GHz, hudhoofishwa sana na mvua kubwa. Vya 5 GHz haviathiriwi kwa kiasi hicho. Hivyo vikisumbua, mara nyingi ni mwingiliano wa radio nyingine za jirani au antena iliyosogezwa na upepo.

Hatua ya 5: Bafa ya kadi

Kadi ikipokea pakiti huiweka kwenye bafa ndogo ikisubiri prosesa ije kuchota. Ifikirie ndoo iliyo chini ya bomba: maji yakija kwa kasi na mchotaji akichelewa, hufurika. Kufurika huko ndiko `missed`, au majina kama `rx_missed_errors`, `rx_no_buffer_count` na `rx_fifo_errors` ndani ya `ethtool -S`, kutegemea draiva.

```
ethtool -g eth0
ethtool -G eth0 rx 1024
```

Amri ya kwanza inaonyesha ukubwa wa juu unaoruhusiwa na ule unaotumika sasa. Ni kawaida kukuta kadi inaruhusu 4096 na inatumia 256. Panda kwa kuzidisha mara mbili, pima, panda tena. Baadhi ya kadi hukata kiungo kwa muda mfupi mpangilio huu ukibadilishwa, kwa hiyo usifanye mchana mauzo yakiwa yamepamba moto.

Ndoo kubwa humaliza tatizo kama trafiki huja kwa vishindo vifupi. Kama `missed` inapanda mfululizo hata baada ya kupanua, aliyeshindwa ni mchotaji.

Hatua ya 6: Prosesa moja imeelemewa

Seva inaweza kuwa na prosesa nane, saba zikiwa hazina kazi, na moja ikifa kwa pakiti. Wastani wa jumla utakuonyesha asilimia 13 na utasema seva haina shida. Tazama kila prosesa peke yake:

```
mpstat -P ALL 2
grep eth0 /proc/interrupts
cat /proc/net/softnet_stat
```

Kwenye mpstat, safu ya `%soft` ndiyo kazi ya kuchota pakiti. Prosesa moja ikiwa na `%soft` karibu na 100 na nyingine zimetulia, umempata mhusika. Kwenye softnet_stat, kila mstari ni prosesa moja na namba ziko kwenye mfumo wa heksadesimali. Safu ya kwanza ni pakiti zilizoshughulikiwa, ya pili ni zilizotupwa kwa kujaa foleni, ya tatu ni mara ambazo prosesa ilimaliza mgao wake kazi ikiwa bado ipo. Ukiona `00000412` kwenye safu ya tatu, ni mara 1,042. Safu ya tatu yenyewe si upotevu, ni onyo.

Dawa ya kwanza ni kugawa kazi. Kadi nyingi zina foleni zaidi ya moja:

```
ethtool -l eth0
ethtool -L eth0 combined 4
```

Hakikisha na `irqbalance`, inayogawa kazi za kadi kwa prosesa mbalimbali, inafanya kazi. Kadi yenye foleni moja tu, itumie RPS, ambayo huacha kerneli igawe kazi yenyewe. `F` hapa inamaanisha prosesa nne za kwanza:

```
echo f > /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus
```

Ukiwasha RPS, foleni ya `net.core.netdev_max_backlog`, ambayo kwa kawaida ni 1000, inaanza kuwa na maana. Safu ya pili ya softnet_stat ikipanda, ndipo uiongeze. Safu ya tatu ikipanda sana, ongeza `net.core.netdev_budget` kutoka 300 hadi 600. Bila dalili hizo, namba hizi ziache zilivyo.

Kama seva yako ni mashine pepe, tazama `%steal`. Namba hiyo ikiwa juu, prosesa yako inanyimwa zamu na mashine mama, na pakiti hufurika ukiwa hujakosea chochote. Hapo zungumza na mwenye mashine mama. Kwenye AWS, draiva ya ENA huonyesha wazi kupitia `ethtool -S` kama umevuka kiwango ulicholipia: tafuta `pps_allowance_exceeded`, `bw_in_allowance_exceeded` na `conntrack_allowance_exceeded`. Hapo dawa ni aina kubwa zaidi ya seva.

Hatua ya 7: Ukuta wa moto, jedwali la miunganisho na laini mbili

```
iptables -L -n -v -x
nft list ruleset
dmesg -T | grep -i conntrack
sysctl net.netfilter.nf_conntrack_count net.netfilter.nf_conntrack_max
```

Ujumbe `nf_conntrack: table full, dropping packet` hauhitaji tafsiri nyingine. Jedwali la miunganisho limejaa na kila muunganisho mpya unatupwa, huku ya zamani ikiendelea vizuri. Ndiyo maana aliye ndani ya mfumo hasikii kitu na anayetaka kuingia anakwama. Ongeza `nf_conntrack_max` kwa kuzingatia RAM uliyonayo. Angalia na `nf_conntrack_tcp_timeout_established`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 432,000, yaani siku 5. Simu iliyopoteza mtandao Ubungo bila kuaga inaweza kuacha nafasi yake kwenye jedwali siku zote hizo. Kwa seva ya wavuti, saa moja au mbili zinatosha.

Kisha kuna suala la IP ya pamoja. Wateja wako wengi wanatumia simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Kanuni inayosema "IP moja isizidi miunganisho 20", au fail2ban inayofungia IP baada ya nywila chache kukosewa, inaweza kufungia mamia ya watu kwa kosa la mmoja. Pitia kanuni za aina hiyo moja baada ya nyingine na ujiulize kama bado zina maana kwa wateja hawa.

IP hiyo ya pamoja inahusika pia na mpangilio mmoja wa zamani, `net.ipv4.tcp_tw_recycle`. Uliondolewa kwenye Linux 4.12, lakini seva za CentOS 7 bado zinao, na makala za zamani za "kuongeza kasi" bado zinausifia. Ukiwa na thamani 1, kerneli hulinganisha mihuri ya muda ya wateja wote wa IP moja kana kwamba ni kompyuta moja, na SYN za baadhi yao hutupwa kimyakimya. Dalili: wa ofisini wanaingia, wa simu wanaingia kwa bahati. Hakiki kwa `netstat -s | grep -i 'time stamp'`, kisha urudishe 0.

Ofisi nyingi mjini zina laini mbili, faiba na ya akiba. Hapo `rp_filter` inakuwa mtego. Ikiwa 1, kerneli hutupa pakiti iliyoingia kwa laini ambayo yenyewe isingeitumia kujibu. Mteja anayeingia kwa laini ya akiba hatajibiwa kamwe, na tcpdump itaonyesha SYN zake zikifika.

```
nstat -asz TcpExtIPReversePathFilter
sysctl -w net.ipv4.conf.all.rp_filter=2
```

Kerneli hutumia thamani kubwa kati ya ya `all` na ya kadi husika, kwa hiyo 2 kwenye `all` inatosha. Lakini usiishie hapo. Panga njia kwa `ip rule` ili jibu litoke kwa laini ileile iliyoleta swali, la sivyo mtoa huduma wa laini ya pili anaweza kulitupa kwa kuwa limebeba IP isiyo yake.

Hatua ya 8: Foleni za soketi

Kwa uzoefu wangu, seva za mifumo ya mauzo na malipo huumia hapa kuliko mahali pengine popote, hasa mwisho wa mwezi.

```
nstat -asz | egrep 'ListenOverflows|ListenDrops|UdpRcvbufErrors'
ss -lnt
```

Kwenye mistari ya LISTEN, `Recv-Q` ni miunganisho inayosubiri programu iipokee sasa hivi, na `Send-Q` ni ukomo wa foleni. Ukiona Recv-Q imefikia Send-Q na `ListenOverflows` inapanda, miunganisho mipya inatupwa bila mtumaji kuambiwa chochote. Zile sekunde 1 na 3 za hatua ya kwanza mara nyingi hutokea hapa.

Ukomo una funguo mbili, na watu wengi hugeuza moja. `net.core.somaxconn` ilikuwa 128 hadi Linux 5.4 ilipoipandisha kuwa 4096. Lakini programu nayo huomba ukubwa wake, na kerneli huchukua ulio mdogo. nginx kwenye Linux huomba 511. Apache na Redis vilevile. Kwa hiyo panua pande zote:

```
sysctl -w net.core.somaxconn=4096
listen 443 ssl backlog=4096;
```

Mstari wa pili ni wa faili la nginx. Anzisha upya programu, kisha thibitisha kwa `ss -lnt` kwamba Send-Q imebadilika.

Baada ya hapo jiulize kwa nini foleni ilijaa. Foleni ya 4096 mbele ya programu inayosubiri swali zito la PostgreSQL itajaa tu, ila itachukua muda mrefu zaidi, na wateja watasubiri zaidi kabla ya kukata tamaa. Kama swali la hesabu za mwisho wa mwezi linafunga jedwali la mauzo, tiba iko kwenye swali hilo.

Kwa UDP, yaani DNS, sauti za VoIP au syslog, tazama `UdpRcvbufErrors`. Kujua soketi ipi, tumia `ss -uanm` na usome herufi `d` ndani ya `skmem`. Hiyo ndiyo idadi iliyotupwa. `net.core.rmem_max` kwa kawaida ni 212,992. Kuipandisha kunaruhusu programu iombe bafa kubwa. Kama programu haiombi, panua `net.core.rmem_default` kisha uianzishe upya.

Hatua ya 9: Pakiti kubwa zinazokwama

Dalili ni hii: mtumiaji anaingia kwenye mfumo, menyu inafunguka, lakini ripoti ndefu inaganda milele. Pakiti ndogo zinapita, kubwa hazipiti.

```
ping -M do -s 1472 198.51.100.10
ping -M do -s 1464 198.51.100.10
```

1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1500, ukubwa wa kawaida wa Ethernet. Ikigoma na 1464 ikapita, njiani kuna PPPoE (itifaki ya baadhi ya laini za intaneti) ya 1492. Kwenye VPN shuka zaidi. WireGuard hutumia 1420. Kinachovunja mambo ni mtu aliyezuia ICMP (ujumbe wa taarifa na makosa ya mtandao) yote "kwa usalama", akazuia na ule ujumbe unaomwambia mtumaji apunguze ukubwa. Ruhusu ujumbe huo. Kwenye ruta yako ongeza:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Kwa zinazotoka, `tc -s qdisc show dev eth0` itaonyesha zilizotupwa kwenye foleni ya kutoka. Ukiona `fq_codel` imetupa chache, iache. Hutupa kwa makusudi ili foleni isirefuke.

Hatua ya 10: Ukikosa jibu, iulize kerneli

```
perf record -e skb:kfree_skb -a sleep 10
perf script | less
```

Amri hii inanasa kila pakiti inayotupwa na mahali ndani ya kerneli ilipotupiwa. Kuanzia Linux 5.17 sababu huandikwa pia kwa jina. Programu ya `dropwatch -l kas` hufanya kazi inayofanana kwa matokeo mafupi zaidi.

Kudumisha marekebisho, na kumwandikia mtoa huduma

Mipangilio ya sysctl iandike kwenye `/etc/sysctl.d/90-mtandao.conf`, kila mstari ukiwa na maelezo ya kihesabio kilichokufanya uubadili na tarehe. Atakayekuja baada yako atakushukuru. Mabadiliko ya ethtool hufutika seva ikizimwa. Kwa NetworkManager tumia:

```
nmcli connection modify eth0 ethtool.ring-rx 1024
```

Hapo `eth0` ni jina la muunganisho kama linavyoonekana kwa `nmcli connection show`. Kwa systemd-networkd, weka `RxBufferSize=1024` kwenye faili la `.link`.

Na kama vipimo vimeonyesha kwamba pakiti hazifiki kabisa kwenye kadi yako, ndipo umwandikie mtoa huduma, ukiwa na vitu hivi: IP za pande zote mbili, mtr ya kwenda na ya kurudi zilizopigwa wakati wa tatizo, faili za tcpdump za pande zote mbili zikionyesha pakiti iliyotoka na haikufika, na muda ukiwa umeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki katika mfumo wa saa 24. Ambatisha na picha za vihesabio vya kadi zikionyesha kwamba `errors` na `missed` hazikupanda. Barua ya namna hiyo humfikia mhandisi wa mtandao. Ile inayosema tu kwamba mtandao unasumbua huishia kwa mtu wa mapokezi ambaye atakuomba uzime na kuwasha ruta.